Nani alikipeleka Kifaransa Kanada? Kisa cha bonde la Mto Saint-Laurent, 1534–1673

Tarehe 24 Julai 1534, pale Gaspé karibu na mlango wa Mto Saint-Laurent, mabaharia wa Kifaransa walisimamisha msalaba wa mbao wenye urefu wa futi 30. Chini ya mkono wake walipigilia ngao yenye maua matatu ya yungiyungi, nembo ya mfalme wao, na juu ya ngao ubao uliochongwa VIVE LE ROY DE FRANCE, aishi mfalme wa Ufaransa. Wakapiga magoti. Wenyeji waliokuwa wamekuja pwani kuvua samaki waliitazama kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Mabaharia waliporudi merikebuni, mzee mmoja akawafuata kwa mtumbwi, amejifunika ngozi kuukuu ya dubu mweusi, yuko na wanawe watatu na ndugu yake. Siku nyingine wenyeji walisogea karibu. Leo mzee alibaki kwa mbali. Akiwa palepale majini alitoa hotuba ndefu, akauonyesha msalaba, akakutanisha vidole viwili kuiga umbo lake, kisha akazungusha mkono kuionyesha nchi yote. Nahodha Jacques Cartier, mtu wa mji wa bandari wa Saint-Malo, hakuijua lugha ile, lakini masimulizi ya safari yake yanakiri kwamba ujumbe ulieleweka: nchi hii ni yangu, na kitu hiki hukupaswa kukisimamisha bila idhini yangu.

Wafaransa wakamwonyesha shoka, kana kwamba wanataka kubadilishana na ile ngozi ya dubu. Mtumbwi uliposogea wakaukamata, wakaurukia, wakawapandisha wote chomboni. Humo wakawalisha, wakawanywesha, wakawaeleza kwa ishara kwamba msalaba ni alama tu ya kuwaongoza mabaharia kuingia bandarini. Halafu Cartier akasema angependa kuondoka na vijana wawili kati ya wale, na kwamba atawarudisha. Vijana wakavikwa mashati, utepe na kofia nyekundu, na kila mmoja akapewa mkufu wa shaba shingoni. Mzee jina lake Donnacona. Vijana ni Domagaya na Taignoagny.

Sisi tuliosoma historia sekondari tulikaririshwa mawakala wa ukoloni kwa mpangilio mmoja usiobadilika: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako. Nimekichukua kisa hiki kwa sababu watu wengi wakiulizwa Kifaransa kilifikaje Kanada hujibu kwa mpangilio uleule: Cartier akafika, akafuata Champlain, mwanzilishi wa mji wa Québec, wakafuata mapadri, basi. Nikiyafuatilia matukio mwaka kwa mwaka nakuta kitu kingine. Kwa miaka mia moja na zaidi, mpelelezi, mmisionari na mfanyabiashara ndio waliokuwa wanafunzi wa lugha, na Kifaransa hakikusogea hata hatua moja nje ya ngome zao.

Wakalimani wa kwanza

Cartier alitia nanga Saint-Malo Septemba 1534 na kuondoka tena tarehe 19 Mei 1535, safari hii na merikebu tatu na watu 110. Kwa hiyo Domagaya na Taignoagny walikaa Ufaransa miezi minane hivi, na hiyo ndiyo ilikuwa shule yao yote. Walirudi wakiwa wanazungumza Kifaransa cha kutosha kumwelekeza nahodha njia ya mto. Wao ndio waliomweleza kwamba huko mbele kuna *kanata*, neno la kwao lenye maana ya kijiji au makazi. Cartier akalichukua kama jina la nchi.

Hesabu ya Cartier ilikuwa rahisi: kamata vijana, wafundishe lugha yako, wape nguo, nao watakuwa ulimi wako. Haikuchukua wiki mbili kuharibika. Vijana walipofika kwao Stadacona, mahali ulipo mji wa Québec leo, walirudi kuwa wana wa kwao. Waliwaambia ndugu zao kwamba vitu wanavyopewa na Wafaransa ni takataka ukilinganisha na chakula wanachotoa. Tena hawakutaka wageni wapande juu ya mto hadi Hochelaga kufanya biashara na watu wengine. Mwezi Septemba watu watatu walitokea mtoni wamepakwa masizi usoni, wana pembe ndefu kama mkono, na wakalimani wetu wawili wakatafsiri kwa nyuso za hofu: mungu wetu Cudouagny ametuma habari kwamba huko juu kuna theluji na barafu ya kuwaua nyote. Cartier akacheka. Wakalimani nao wakagoma kwenda.

Basi Cartier akafika Hochelaga mnamo Oktoba 1535 bila mkalimani hata mmoja. Hochelaga kilikuwa kijiji cha nyumba ndefu zipatazo 50 ndani ya boma la miti, pale ilipo Montréal sasa. Watu zaidi ya 1,000 walitoka kumpokea. Mkuu wao, aliyepooza, akaletwa amebebwa juu ya ngozi, akaonyesha kwa ishara kwamba anataka mgeni ampapase viungo. Cartier akamsugua mikono na miguu. Wakaletwa wagonjwa wengine, vipofu, viwete, wazee sana. Cartier hakuwa tabibu. Akafungua kitabu, akawasomea mwanzo wa Injili ya Yohana, kisha Mateso ya Bwana, neno kwa neno. Watu wale walikaa kimya, wakatazama mbinguni, wakaiga kila ishara aliyofanya. “Hapo mwanzo kulikuwako Neno”, na katika uwanja mzima hakuna aliyemwelewa mwenzake. Sijui tukio lingine linaloonyesha vizuri zaidi lugha ya mpelelezi ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Majira ya baridi yakawakuta Stadacona. Barafu ilizishika merikebu tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili, na kiseyeye kikaingia: miguu ikavimba na kuwa myeusi, fizi zikaoza, meno yakalegea. Watu 25 walikufa. Waliobaki wazima walikuwa wa kuhesabu, na Cartier aliogopa wenyeji wakijua hali ile wangewamaliza. Siku moja akamwona Domagaya akitembea vizuri juu ya barafu, mtu ambaye siku 10 au 12 kabla goti lake lilikuwa limevimba kama kichwa cha mtoto. Akamuuliza amepona vipi. Akajisingizia kwamba anamuulizia mtumishi wake mmoja tu.

Domagaya akamjibu kwa Kifaransa kile cha miezi minane. Ni mti, unaitwa *annedda*. Akatuma wanawake wawili wakaleta matawi, wakaonyesha jinsi ya kuchemsha magome na majani: kunywa kila baada ya siku moja, machicha ukayabandika miguuni. Wafaransa walisita, kisha mmoja wawili wakajaribu. Walipopata nafuu wenzao nusura wauane kwa kugombea dawa. Mti mzima, mkubwa kama mwaloni wowote wa Ufaransa, uliisha kwa siku chache.

Malipo yake? Tarehe 3 Mei 1536, siku chache kabla ya kung’oa nanga, Cartier alimkamata Donnacona pamoja na Domagaya, Taignoagny na wengine, wote pamoja watu 10, akaondoka nao. Alitaka mzee amsimulie mfalme François wa Kwanza habari za nchi ya dhahabu iitwayo Saguenay. Mzee akasimulia, na inaelekea alisimulia kwa ufundi, kwa sababu mfalme aliamini. Lakini isipokuwa msichana mmoja, wote walifia Ufaransa. Cartier aliporudi Stadacona mwaka 1541 aliwaambia ndugu zao kwamba Donnacona amefariki, na wengine wameoa na kuolewa huko, wanaishi kama mabwana wakubwa, hawataki kurudi.

Safari hiyo ya tatu haikumfaa kitu. Mwaka 1542 alirejea na mapipa ya “dhahabu” na “almasi” ambazo kumbe zilikuwa mawe ya kawaida, hata ukazuka msemo Ufaransa wa kuitaja almasi ya Kanada kama mfano wa kitu cha uongo. Kwa zaidi ya miaka 50 iliyofuata hakuna Mfaransa aliyefanikiwa kuweka makazi pale. Kwenye ghuba walikuja wavuvi wa chewa na Wabaski, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania, wawindaji wa nyangumi, na lugha ya biashara iliyoota pwani ilikuwa mchanganyiko wa Kibaski na lugha za wenyeji. Kifaransa hakikuwa hata cha kwanza kuazimwa.

Champlain anageuza karata

Samuel de Champlain alianzisha Québec tarehe 3 Julai 1608. Majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta watu 28. Walioona majira ya kuchipua walikuwa 8. Alikuwa amejifunza jambo moja ambalo Cartier hakulijua, kwamba biashara ya ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, haiendi kwa mkalimani uliyemteka nyara. Mwaka 1610 alifanya mabadilishano. Kijana wa Kihuron aitwaye Savignon akapelekwa Ufaransa, na kijana wa Kifaransa, ambaye wanahistoria wengi humtaja kuwa Étienne Brûlé, akaenda kulala msimu mzima wa baridi kwa wenyeji. Walipokutana tena Juni 1611, Champlain alimwona kijana wake anashuka mtumbwini amevaa kienyeji, anazungumza lugha ya wenyeji vizuri. Anaandika hayo kwa furaha.

Brûlé hakurudi tena kuwa Mfaransa wa kawaida. Aliishi na Wahuron miaka ipatayo 20, akala chakula chao, akafuata mila zao, na mapadri wakamsema vibaya sana. Hao ndio walioitwa *truchement*, neno ambalo asili yake ni lilelile la Kiarabu, tarjuman, lililotuachia sisi tarjumi. Walikuwa vijana wa Kifaransa waliomezwa na lugha za Kihuron, Kialgonquin na Kiinnu. Mmoja wao, Nicolas Marsolet, kwa miaka mingi alikataa kabisa kuwafundisha mapadri lugha aliyoijua, na hilo halikuwa ajabu: ulimi ule ndio uliokuwa mtaji wake.

Champlain mwenyewe alikuwa na ndoto ya watu wawili kuwa wamoja. Mwaka 1633 aliwaambia wenyeji kwamba vijana wetu wataoa mabinti zenu na tutakuwa taifa moja. Kilichotokea ni kwamba vijana walioa, na watoto wakalelewa na mama zao, kwa lugha za mama zao.

Kwa upande wa wamisionari nina mtu mmoja ambaye kila nikifika kwake kalamu inakuwa nzito. Wafransisko wa tawi la Récollets walimchukua mtoto wa Kiinnu kutoka Tadoussac karibu mwaka 1620, wakampeleka Ufaransa, wakambatiza Angers kwa jina la Pierre-Antoine. Jina la kwao lilikuwa Pastedechouan. Alijifunza Kifaransa na Kilatini barabara. Aliporudishwa mwaka 1625 alikuwa amesahau lugha ya kwao, na aliwaomba mapadri wasimrudishe kwa ndugu zake. Wakamrudisha, ajifunze upya. Tatizo halikuwa maneno peke yake. Miaka ile ambayo wenzake walikuwa wanafundishwa kufuata nyayo za paa-mkubwa kwenye theluji, yeye alikuwa anafundishwa Kilatini. Hakujua kuwinda. Wanawake aliowaoa walimwacha mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mume asiyeleta nyama msituni ni mzigo.

Padri Mjesuiti Paul Le Jeune alipofika Québec mwaka 1632 akitaka kujifunza Kiinnu, mwalimu aliyempata ndiye huyo. Alimlipa kwa tumbaku ili asichoke kujibu maswali. Msimu wa baridi wa 1633–34 Le Jeune akaamua kuhama na familia ile msituni, alale nao, ajifunze kwa kusikia. Nduguye Pastedechouan mganga alikuwa humo, na ujanja wake ulikuwa kumwandikisha padri maneno ya matusi huku akimwambia maana yake ni kitu kingine. Padri akiyatamka, kambi nzima inacheka. (Yeyote aliyewahi kujifunza lugha ugenini anaijua michezo hiyo.) Pastedechouan alikufa kwa njaa peke yake msituni mwaka 1636. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakulima wengi wa Ufaransa.

Baada ya hapo Wajesuiti waliacha kutegemea Kifaransa, wakaandika kamusi na sarufi za lugha za wenyeji. Watawa wa Ursula waliofika mwaka 1639 walifungua shule ya wasichana, na mkuu wao, Marie de l’Incarnation, mwanamke wa umri wa karibu miaka 40, alianza kujifunza lugha za wenyeji na kuzitungia vitabu. Serikali ya Paris ndiyo iliyokuwa inang’ang’ania wenyeji wafundishwe Kifaransa. Waziri Colbert aliandika kuhimiza hilo. Marie de l’Incarnation akajibu mwaka 1668 kutoka kwenye uzoefu wake: katika wasichana mia waliopita mikononi mwetu, ni shida kusema tumemgeuza mmoja. Wengine, anasema, hupanda ua wetu mrefu kama ukuta mithili ya vindi, wakakimbilia msituni.

Hadi hapo ni miaka 134 tangu msalaba wa Gaspé.

Kasha la mbao

Sensa ya mwaka 1666, iliyosimamiwa na Jean Talon, mkuu wa utawala wa mfalme, ilihesabu wakazi wa Kifaransa 3,215 katika koloni zima. Wanaume 2,034, wanawake 1,181. Wengi wa wanaume walikuja kwa mkataba wa miezi 36 au kama askari, na ukiisha muda wao walipanda merikebu kurudi. Koloni lisilo na wake ni kambi tu.

Kwa sababu hiyo Mfalme Louis wa 14 alikuwa tayari ameanza kugharimia wasichana. Kati ya 1663 na 1673 walivushwa takriban 770, walioitwa mabinti wa mfalme. Wengi walikuwa yatima au maskini. Sehemu kubwa walitoka Paris na mikoa ya jirani, na baadhi walichukuliwa kwenye nyumba ya kulelea maskini ya Salpêtrière. Kila mmoja alipewa kasha dogo la mbao. Ndani yake: kilemba na kofia, leso ya tafeta, utepe wa viatu, sindano 100, kitana, uzi mweupe, soksi pea moja, glavu pea moja, mkasi, visu viwili, pini 1,000, kamba nne za kufungia nguo, na livre mbili za fedha taslimu. Pini elfu moja! Aliyeandaa orodha ile alijua kwamba huko waendako hakuna duka. Waliokuwa na bahati walipewa na livre 50 siku ya kuolewa.

Walipofika Québec walikaa chini ya uangalizi wa wanawake wa heshima, wanaume wakaja kuposa. Msichana alikuwa na haki ya kuhoji, na swali lililotangulia mengine lilikuwa kama mposaji ana nyumba. Wengi waliolewa ndani ya miezi michache. Wapo waliofunga mkataba kwa mwandishi wa mikataba, wakaubatilisha, wakafunga na mwingine. Talon naye alikaza upande wa pili: kapera aliyekataa kuoa baada ya merikebu kufika alizuiwa kuwinda na kufanya biashara ya ngozi, na baba mwenye watoto 10 alilipwa pensheni ya livre 300 kwa mwaka, mwenye 12 livre 400. Kwa miaka 10 hivi idadi ya watu iliongezeka mara mbili.

Sasa turudi kwenye lugha, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea wakidhani kila Mfaransa aliyehamia alizungumza Kifaransa. Karne ya 17 mkulima wa Normandy alikuwa na usemi wake, wa Poitou wake, wa Saintonge wake, na Mbretoni wa magharibi lugha yake haina hata undugu wa karibu na Kifaransa. Mfikirie mtu wa Makunduchi ameoana na mtu wa Lamu, jirani wa kulia ni Mpemba na wa kushoto anatoka Mombasa, kisha ongeza umbali kati ya lahaja zao. Ndivyo kijiji cha Saint-Laurent kilivyokuwa.

Nyumbani mume anasema kinorman, mke kaletwa kutoka Paris. Kwa mujibu wa maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi, mke ndiye aliyeshinda, kwa kuwa lugha yake ndiyo iliyofanana na ya padri, ya hakimu na ya mwandishi wa mikataba, na yeye ndiye aliyeshinda na watoto mume akiwa msituni. Wapo wataalamu wanaopinga. Wanasema wahamiaji wengi walitoka mijini na bandarini, tayari wanakijua Kifaransa kidogo kabla ya kupanda merikebu, kwa hiyo wanawake wasipewe sifa zote. Pingamizi hilo lina haki yake, ila halinitoshi. Kujua lugha kidogo kwa ajili ya sokoni ni jambo moja. Kumbembelezea mtoto ni jingine.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni ramani. Mashamba yaligawanywa vipande vyembamba virefu, kila kimoja kikianzia mtoni na kwenda nyuma msituni, ili kila familia ipate maji na njia. Matokeo yake nyumba zilijipanga ukingoni karibu karibu, kama maduka barabarani. Mnormandy hakuweza kujitenga na Wanormandy wenzake katika bonde lao. Watoto wa jirani wa kwanza hadi wa kumi walicheza pamoja, na watoto hawana subira na lahaja nne.

Kufikia mwaka 1720 padri Charlevoix alipopita alishangaa: anasema hakuna mahali pengine lugha yetu inapozungumzwa kwa usafi kama hapa, hata lafudhi huisikii. Weka hilo kando ya ripoti ya Padri Grégoire kwa bunge la Mapinduzi mwaka 1794: kati ya watu wa Ufaransa waliokuwa karibu milioni 28, waliokizungumza Kifaransa safi hawazidi milioni 3, na milioni 6 hivi hawakijui kabisa. Wakulima wa Saint-Laurent walikuwa na lugha moja miaka 100 na zaidi kabla ya Ufaransa yenyewe.

Masalia yake bado yanasikika. Mzee wa Québec anayesema *moé* na *toé* badala ya *moi* na *toi* huchekwa na watu wa Paris kama mshamba, kumbe ndivyo walivyotamka wakubwa wa Paris wenyewe kabla ya Mapinduzi. Na kwa kuwa wote walifika kwa bahari, mpaka leo gari hupandwa kwa kitenzi cha kupanda merikebu, *embarquer*, na hushukwa kwa *débarquer*.

Jaribio la upande wa pili

Anayetaka kupima kama mpelelezi ndiye anayeeneza lugha amtazame La Salle, mpelelezi mwingine wa Kifaransa. Tarehe 9 Aprili 1682, kwenye mdomo wa Mto Mississippi, alisimamisha nguzo na msalaba, akatangaza bonde lote la mto ule kuwa mali ya Louis wa 14, akaliita Louisiana. Kwa upelelezi, hiyo ilikuwa kazi kubwa mara nyingi kuliko ya Cartier. Lakini katika sehemu kubwa ya bonde lile familia za Kifaransa zilikuwa chache zilizotawanyika. Leo Detroit, St. Louis na Baton Rouge ni majina ya Kifaransa midomoni mwa watu wasiojua maana yake.

Québec kwenyewe wahamiaji waliotia mizizi hadi 1760 walikuwa 10,000 hivi tu, wakati makoloni ya Waingereza kusini yalikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Ufaransa ilipoikabidhi Kanada kwa Uingereza mwaka 1763, watu wapatao 70,000 walibaki ukingoni mwa mto bila mfalme wao na bila merikebu mpya. Matajiri na maofisa wengi waliondoka. Mwingereza mwenyewe akaona afadhali awaachie dini na sheria zao za kiraia kwa sheria ya mwaka 1774. Lugha haikuhitaji ruhusa ya mtu, maana ilikuwa jikoni tayari.

Katika mji wa Montréal leo kuna Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaozungumza Kiswahili. Tangu sheria ya lugha ya 1977 watoto wa wahamiaji husomeshwa shule za Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa hawatakikosa. Kwao swali la jikoni liko upande wa Kiswahili, na wazazi wanalijua, ndiyo sababu utamsikia mama kwenye basi akimkatiza mwanawe: “Niambie kwa Kiswahili.”

Champlain alipopanda mto ule mwaka 1603 hakukuta Stadacona wala Hochelaga. Vijiji vilikuwa vimetoweka, na wanahistoria bado wanabishana kama ni vita, maradhi au vyote. Lugha ya Donnacona ilikwenda nao. Karibu yote tunayoyajua kuihusu yametoka kwenye orodha za maneno zilizoambatanishwa na masimulizi ya Cartier, na maneno hayo yangetoka kwa nani kama si kwa vijana waliovikwa kofia nyekundu. Kuna namba moja hadi kumi, viungo vya mwili, mahindi, samaki. Mstari mmoja unasema: mji, wao wanauita *Canada*.